Mtaro wako unaanzia kwa jirani wa juu

Mara ya kwanza nilipochimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko katika shamba langu la mihogo kule Kabare, Kivu Kusini, nilijiona mjanja. Mvua moja ya Novemba ikaifumua yote. Kumbe juu yangu kulikuwa na jirani aliyelima matuta yanayoteremka na mlima, na kando yake njia ya miguu iliyokwisha kuwa mfereji. Maji yake yakaja kwangu na udongo wake, hata mbegu zake za maharagi. Sikumgombeza, maana na mimi miaka yote nilikuwa ninammwagia mama wa chini.

Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, waiteni wote wanaolima mteremko uleule, na wale wa kukodi pia. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya jamii, inatosha. Mkubaliane jambo moja: kazi inaanzia kileleni na kushuka, na njia ya miguu ipewe mahali pa kumwaga maji yake.

Kupima usawa wa mtaro hakuhitaji mashine. Chukua miti miwili ya mita mbili hivi, ifunge kichwani kama herufi A, weka wa tatu katikati kama mshipi, kisha ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha miguu mahali pawili, tia alama pale kamba inapogusa mshipi. Geuza, mguu wa kushoto ukanyage ulipokanyaga wa kulia, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa tembea nayo ukikata mteremko kwa upande: kamba ikitulia katikati, piga kijiti. Mstari utajipinda-pinda, na wengi hapo huunyoosha kwa macho ili upendeze. Msiunyooshe! Mtaro ulioinama kidogo hukusanya maji upande mmoja na kupasuka hapohapo.

Chimbeni upana na kina cha nusu mita, udongo mtupe upande wa juu. Ndani ya mtaro acheni vizuizi vya udongo kila baada ya mita chache ili maji yasikimbie. Mahali pakali, mitaro isogeleane. Penye mteremko mdogo, iachane zaidi.

Lakini mkiona nyufa ardhini au miti iliyoinama yote upande mmoja, hapo msichimbe. Maji yakinywewa na mlima unaoteleza, mnauharakisha kuanguka. Pandeni miti na nyasi, na maji myaelekeze pembeni.

Juu ya tuta la udongo pandeni nyasi za setaria au tripsakamu, na miti midogo ya kaliandra katikati. Wanaume wengi huniuliza nyasi zitaleta faida gani. Waulizeni wanaofuga mbuzi na simbilisi wakati wa kiangazi, Julai, malisho yanapokauka. Nyasi zikikatwa kila mara, kivuli chake hakisumbui maharagi. Mzizi mmoja wa setaria ukipasuliwa hutoa vipandikizi kadhaa, basi mwenye nazo awagawie wenzake bure. Mlima wenye pengo moja bado unavuja.

Ndugu zetu wa Kadutu na Bagira, mjini Bukavu, nao wamo, hata kama hawana shamba. Maji ya bati yasiyo na pipa wala shimo hushuka mtaroni na chupa za plastiki, huingia ziwani, na Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi. Kituo cha umeme cha Ruzizi I kiko hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na takataka zetu hukwamia kwenye lango lake. Udongo wa shamba langu ulipita njia hiyohiyo.

Kwetu kazi inaanza Agosti. Ardhi ni ngumu, ni kweli, ila watu wana nafasi kabla ya kupanda Septemba. Mwaka huu yule jirani wa juu ndiye anayeshika kamba na jiwe, na ananigombeza mimi nikipiga kijiti haraka.