Kumpima kipa wa akiba wa NHL (ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada) kwa mechi chache

Hesabu mashuti, si mechi. Mechi 11 huleta mashuti kama 300 hivi. Kipa akiokoa 282 ana asilimia 94, na mashabiki tayari wanataka awe namba moja. Polepole: kwa mashuti 300, bahati peke yake humyumbisha kipa wa asilimia 90 kwa takriban pointi 1.7 za asilimia juu au chini, na mara mojamoja hata maradufu ya hapo.

Dawa ni kumwongezea mashuti 1,500 ya kufikirika yenye wastani wa ligi. Tuseme wastani ni asilimia 90: yameokolewa 1,350. Jumla inakuwa 1,632 kati ya 1,800, yaani asilimia 90.7. Mzuri kiasi, basi. Hiyo 1,500 ni makadirio tu. Ukiwa na takwimu zake za misimu mitatu, zijumlishe kwanza. Za AHL, ligi iliyo chini ya NHL, zisome kando, kwani wapigaji wa kule si wakali vile.

Ushindi na wastani wa mabao ya kufungwa achana navyo, hupima timu nzima zaidi. Ila chunguza ratiba: kipa wa akiba mara nyingi hupangwa timu ikicheza siku mbili mfululizo, wenzake wamechoka.