SOMO: Kuifanya Tab imalizie komandi za kubectl (bila kufuta .bashrc yako kama nilivyofanya mimi)

Wakuu salama? Hili somo naandika kwa sababu wiki hii tu nimeulizwa na watu wanne, mmoja kanipigia nipo Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, nachagua changu, mkono mmoja samaki mkono mwingine simu, namwelekeza mtu mshale unaangalia wapi na muuza samaki ananitazama kama mganga. Basi. Kuanzia leo anayeuliza namtupia hili.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini: kubectl ni komandi ya kuongoza Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja. Sasa unaandika `kubectl desc` unagusa Tab inakuwa `kubectl describe`. Si uvivu. Jina la podi (kifurushi cha programu kinachoendeshwa humo) ni kitu kama `duka-api-7d9f8c6b5-x2kqp`, nani ana muda wa kuandika hilo kwa mkono?

Natumia Ubuntu na bash, na .bashrc ni faili la mipangilio ambalo bash inalisoma kila ukifungua terminali. Wa Mac shukeni kwenye maswali.

Hatua ya 1. Jua sheli yako, namaanisha ya kompyuta, programu inayopokea komandi unazoandika, si ile ya kujazia bodaboda:

`echo $0`

Ikisema bash endelea.

Hatua ya 2. `sudo apt install bash-completion`. Mara nyingi utakuta ipo tayari.

Hatua ya 3. Fungua terminali mpya, andika `type _init_completion`. Ikimwaga mistari kibao uko salama. Ikisema haijapatikana, ongeza mstari huu mwisho wa `~/.bashrc` kwa kutumia editor, nano au unachopenda:

`source /usr/share/bash-completion/bash_completion`

Hatua ya 4. Hapa tulia, kunywa maji kwanza.

`mkdir -p ~/.local/share/bash-completion/completions`

`kubectl completion bash > ~/.local/share/bash-completion/completions/kubectl`

Sasa mnisikilize. Mara ya kwanza nilifuata maelekezo ya kuimwaga ile skripti inayotolewa na `kubectl completion bash` moja kwa moja ndani ya .bashrc, yalisema mishale miwili, `>> ~/.bashrc`, mimi ilikuwa saa saba usiku macho yameshachoka nikaandika mmoja. Mishale miwili inaongeza mwisho wa faili, mmoja unafuta kila kilichomo afu ndo unaandika. Haikuuliza "una uhakika", haikulalamika, ilinyamaza kimya nikaona mambo safi nikafunga madirisha yote nikalala. Asubuhi nafungua terminali, jina langu lililokuwa la kijani limekuwa jeupe, aliasi (vifupisho vyangu vya komandi) nilizokusanya miaka mitatu hamna, mstari wa PATH (orodha ya folda zenye komandi) hamna, na ile Tab yenyewe niliyoikeshea kila nikiigusa inaniambia `_get_comp_words_by_ref: command not found`, kwa sababu mstari unaopakia bash-completion nao ulikuwa humo humo kwenye faili niliyoifuta. Yaani nimebomoa msingi ili nipake rangi ukuta.

Kwa hiyo:
- Kabla hujaanza, `cp ~/.bashrc ~/.bashrc.bak`. Sekunde moja.
- Kwenye hatua hii mshale mmoja ni SAWA, maana unaandika faili jipya kwenye folda yake. Kwenye .bashrc mshale mmoja ni msiba. Usichanganye.
- Faili liitwe `kubectl` tu, kama komandi yenyewe. Ukiliita kubectl.txt halitaonekana na utakuja kunisumbua.
- Ukitaka ulinzi weka `set -o noclobber` kwenye .bashrc, hapo mshale mmoja unakataa kufuta faili ambalo lipo. Ukikusudia kweli kulifuta unaandika `>|`.

Najua kuna mtu atasema mbona fulani kaniambia niweke `source <(kubectl completion bash)` kwenye .bashrc. Inafanya kazi, sibishi. Ila kila ukifungua terminali inaiendesha kubectl upya, na kwa laptopu yangu ya mtumba naisikia. Ya kwenye folda inasubiri mpaka uguse Tab kwa kubectl ndo inajipakia.

Hatua ya 5. Fungua terminali mpya. Jaribu `kubectl desc` na Tab. Machaguo yakiwa mengi gusa Tab mara mbili.

---

kijana_wa_makorora: Mkuu haifanyi kazi

Mwandishi: Nini haifanyi kazi, hatua ipi, imeandika nini?

kijana_wa_makorora: Nimefanya zote nagusa tab hamna kitu

Mwandishi: Umefungua terminali mpya?

kijana_wa_makorora: Aaah. Imekubali, asante

Mwandishi: Hatua ya 5, maneno matatu ya mwanzo. Tanga yetu waja leo waondoka leo, ila wewe jana uliniuliza hili hili.

mama_wa_data: Habari kaka, mimi nina Mac, `echo $0` inaniambia -zsh. Nifuate hizi hizi?

Mwandishi: Hapana dada, na umefanya vizuri kuangalia kwanza. Mac tangu 2019 zinakuja na zsh, ni sheli nyingine, yenyewe ina utaratibu wake:

`mkdir -p ~/.zfunc`

`kubectl completion zsh > ~/.zfunc/_kubectl`

Hiyo alama ya `_` mbele ya kubectl isikosekane. Afu kwenye `~/.zshrc`, kwa mpangilio huu huu:

`fpath=(~/.zfunc $fpath)`

`autoload -Uz compinit`

`compinit`

fpath ikija baada ya compinit hupati kitu na wala haikwambii kwa nini. Ikigoma bado futa `~/.zcompdump`, ni kumbukumbu ya zamani inang'ang'ania, itajitengeneza upya ukifungua terminali.

fundi_raskazone: Mbona hamtumii fish, ile sheli nyingine, mkaachana na haya mateso, kule Tab imekuja na akili toka kiwandani

Mwandishi: Seva ninazoingia si zangu, nakuta bash natumia bash. Siwezi kwenda kwa watu na godoro langu. Wewe tumia fish, hakuna aliyekukataza.

pwani_kodi: Samahani mkuu, mimi imekubali ila nina aliasi `k` ya kubectl. Nikiandika kubectl Tab inafanya, nikiandika k inakufa. Nimeweka `complete -o default -F __start_kubectl k` kwenye .bashrc, cha ajabu nikishagusa Tab kwa kubectl mara moja, na k inaanza kufanya! Nini hiki?

Mwandishi: Swali zuri, na hilo la mwisho ndilo jibu lenyewe. Si nimesema ile skripti haijipakii mpaka uguse Tab kwa kubectl? Sasa `__start_kubectl` ni funksheni iliyo ndani yake. Ukianza na k, bash inaitafuta hiyo funksheni, haijazaliwa bado. Ukigusa kwa kubectl inazaliwa, ndo k nayo inapata. Kwa hiyo wewe inabidi uipakie mapema, weka kwenye .bashrc juu ya mstari wako:

`source ~/.local/share/bash-completion/completions/kubectl`

Unapoteza ule uvivu wa kujipakia baadaye, ila hapo unasoma faili tu, huiendeshi kubectl, kwa hiyo bado ni nyepesi kuliko ile `source <(...)`.

pwani_kodi: Imekubali! Na majina ya podi inayajuaje, si yanabadilika kila saa?

Mwandishi: Inaenda kuuliza. Jaribu mwenyewe:

`kubectl __complete get pods ""`

Hiyo ndo komandi ya siri inayoitwa ukigusa Tab. Italeta majina, na chini kabisa namba yenye nukta mbili mbele, hiyo inaiambia sheli ifanye nini na orodha, kwa mfano isikuletee majina ya mafaili. Majina yenyewe yanatoka kwenye klasta, yaani zile seva za Kubernetes, ndo maana bando likiwa la kusuasua unagusa Tab terminali inaganda. Haijafa, inasubiri seva. Ctrl-C unatoka.

bi_steshenari: Na mimi nauliza japo sina hiyo kubectl. Nina skripti yangu ya dukani inaitwa chapa, naiambia `chapa rangi` au `chapa nyeusi` au `chapa pandembili`. Kijana wangu anakosea herufi kila siku. Tab inaweza kumsaidia?

Mwandishi: Yako ni rahisi kuliko zote humu dada yangu. Mstari mmoja mwisho wa .bashrc:

`complete -W "rangi nyeusi pandembili" chapa`

Fungua terminali mpya. Akiandika `chapa p` na Tab inajaza pandembili. Ukiongeza neno kwenye skripti kumbuka kuliongeza na hapa.

bi_steshenari: Jamani! Kumbe. Leo anakula chapati ya bure

mama_wa_data: Nachangia kidogo kwa wa bash: kwenye `~/.inputrc` wekeni `set completion-ignore-case on`, Tab haitajali herufi kubwa na ndogo. Na `set show-all-if-ambiguous on`, machaguo yanakuja kwa Tab moja badala ya mbili. Zsh haisomi hilo faili.

Mwandishi: Hiyo ya pili nilikuwa siitumii. Nimeweka.

kijana_wa_makorora: Mkuu nimetaka kuweka ya bi_steshenari kwenye bashrc nimeandika `echo ... > ~/.bashrc` mshale mmoja

Mwandishi: USIFUNGE TERMINALI. Hiyo iliyo wazi bado inakumbuka kila kitu kichwani. Una .bashrc.bak?

kijana_wa_makorora: Sina

Mwandishi: Sawa. Humo humo kwenye iliyo wazi:

`alias > ~/aliasi.txt`

`echo $PATH > ~/path.txt`

`cp /etc/skel/.bashrc ~/.bashrc`

`cat ~/aliasi.txt >> ~/.bashrc`

Huo wa mwisho MIWILI. Nambie kabla hujagusa Enter.

kijana_wa_makorora: Miwili. Nimehesabu kwa kidole

Mwandishi: Enter. Sasa fungua terminali ya pili, ya kwanza iache, andika `alias`.

kijana_wa_makorora: Zipo zote. Na kijani imerudi