Kupanga Spika Sebuleni kwa Filamu za 3D

Nimetoka kumpangia shemeji yangu spika nyumbani kwake Chikongola, hapa Mtwara, na majirani zake wameanza kuuliza. Mfumo ni 5.1: spika tano na sabufa, yaani spika ya besi. Kwenye 3D kitu kinatoka kwenye kioo kinakujia usoni. Sauti yake ikibaki ukutani, macho na masikio vinagombana.

Hatua ya 1: Kochi
Likae katikati, litazamane na TV.

Hatua ya 2: Spika za mbele
Pima kwa kamba. Zikiachana mita 2, kichwa chako kiwe mita 2 kutoka kila moja. Hapo kila spika iko nyuzi 30 kutoka katikati. Kispika kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa.

Hatua ya 3: Spika ya kati
Chini ya TV, ielekezwe usoni. Isifichwe kabatini, maana maneno mengi ya filamu yanatoka hapo.

Hatua ya 4: Spika za pembeni
Hapa ndipo siku nzima inapoishia. Sebule zetu nyingi kochi limeegemea ukuta, basi mtu anatundika spika kwenye kona za nyuma, karibu na dari. Usifanye hivyo. Pendekezo BS.775 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaziweka kati ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele yako, yaani ubavuni, nyuma kidogo ya masikio, si kisogoni. Kwa hiyo vuta kochi mbele. Spika ikiwa mita 1.5 ubavuni mwako, irudi nyuma ya mstari wa masikio kama nusu mita. Chumba kikiwa kidogo na kochi halisogei, ziweke ubavuni kabisa. Bado ni afadhali kuliko konani. Ziinue juu kidogo ya vichwa ili uliyekaa naye asikuzibie sauti.

Mimi nachagua stendi za mbao za fundi seremala wa mtaani. Ukuta wa tofali za saruji ukishautoboa, kuhamisha spika ni kazi mpya, na hizi lazima utazihamisha. Ukuta huohuo na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi unaozivuruga hasa hizi mbili, kwa hiyo tandika zulia zito na ushushe mapazia madirishani. Mkeka mtupu hausaidii sana. Kisha fumba macho: mvua ya kwenye filamu ikuzunguke, usiweze kunyooshea kidole spika inakotoka.

Hatua ya 5: Sabufa
Ipandishe kwenye kochi, piga wimbo wenye besi, halafu tambaa pembezoni mwa chumba. Besi inaposikika safi ndipo mahali pake. Konani huwa nyingi lakini huvuma.

Hatua ya 6: Amplifaya
Ingiza umbali wa kila spika hadi sikioni, kwani sauti hutumia kama milisekunde 3 kwa kila mita. Amplifaya nyingi za kabla ya HDMI 1.4 (toleo la tundu la waya wa picha na sauti) hazipitishi 3D: picha itoke kwenye deki iende TV moja kwa moja, sauti ipite waya wa optiko hadi kwenye amplifaya. Maneno yakisikika kabla midomo haijacheza, chelewesha sauti kwenye menyu, na ufanye hivyo 3D ikiwa imewashwa, kwa sababu muda wa TV kuchakata picha unaweza kubadilika.