Kukausha aisii kabla ya kulehemu: saa, joto na kadi ya vidoti

Plastiki ya aisii (IC, kijisehemu cha silikoni kilichofunikwa plastiki) hunywa unyevu wa hewani kimyakimya. Ikifika kwenye joto la lehemu isiyo na risasi, nyuzi 245 hadi 260, maji yale hugeuka mvuke kwa mkupuo: plastiki inabanduka kutoka kwenye silikoni, au tumbo linapasuka kama bisi. Nyufa nyingi ni za ndani, kwa hiyo bodi inapita majaribio leo na kufa baada ya miezi.

1. Soma daraja la MSL (kiwango cha wepesi wa kudhurika na unyevu) kwenye lebo ya mfuko uliozibwa. MSL 3 ina saa 168 tangu mfuko ufunguliwe, 4 saa 72, 5 saa 48, 5a saa 24. Ya 6 hukaushwa kila mara. Saa hizo ni kwa hewa isiyozidi nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Dar au Mombasa, karakana isiyo na kiyoyozi huvuka hapo mara nyingi, basi usijipe saa 168 kamili. Weka kipima unyevu mezani.

2. Fungua mfuko, tazama papo hapo kadi ya vidoti iliyomo, inayoonyesha unyevu kwa rangi. Kwa 2a hadi 5a, kidoti cha asilimia 10 kikiacha ubuluu na kuelekea waridi, kausha.

3. MSL 3 iliyopitisha muda kwa zaidi ya saa 72, kwa nyuzi 125: unene hadi milimita 1.4 (mfano LQFP, aisii bapa yenye miguu pande zote nne) saa 9; hadi 2.0, saa 27. Zaidi ya hapo, 48. Anza kuhesabu aisii zenyewe zikishafika joto hilo.

4. Jumla ya kukausha juu ya nyuzi 90 isizidi saa 96. Miguu ikishika oksidi, lehemu haikamati.

Swali: Nina aisii tano kwenye kipande cha mkanda. Bloa (kipulizia hewa moto) dakika kumi haitoshi?

Jibu: Haitoshi, mkuu. Maji hutoka polepole kupitia plastiki. Mkanda wa rili usiupitishe nyuzi 40, na kwa joto hilo LQFP kama ya hatua ya 3 ingehitaji siku 13 kwenye unyevu usiozidi asilimia 5. Zitoe, zipange kwenye kisahani cha chuma, zitie oveni.

Swali: Nimefungua MSL 3 kwa saa tatu, nimebakiza nusu.

Jibu: Kama hewa haikuvuka 30/60, ziweke kwenye kabati kavu, unyevu usiozidi asilimia 10, mara tano ya muda huo: saa 15. Hesabu inarudi sifuri. Zikishakaa wazi zaidi ya saa 12, njia hii haifai tena.