Kuhamisha Tovuti Bila Kupoteza Nafasi Yake katika Matokeo ya Utafutaji

Ukurasa uliokaa mtandaoni kwa miaka kadhaa hujijengea sifa, na sifa hiyo injini za utafutaji huiandika kwa jina la anwani yake. Viungo ambavyo tovuti nyingine zimeuwekea ukurasa huo vyote vimeshikamana na mfuatano fulani wa herufi unaoanza na https. Mfuatano huo ukibadilika hata kwa mkwaju (/) mmoja wa mwishoni, injini huuhesabu kuwa anwani nyingine, na hulazimika kuamua upya iwapo ni ukurasa uleule au la. Kwa hiyo anayehamisha tovuti ana kazi moja kubwa, nayo ni kuieleza mashine, kwa kila ukurasa peke yake, kwamba aliyekuwa akikaa hapa sasa anakaa pale.

Si kila uhamisho unaohitaji kazi hiyo. Ikiwa unabadilisha seva tu, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na anwani zote zinabaki zilivyo, huhitaji uelekezaji wowote, yaani amri ya kumpeleka mgeni kutoka anwani ya zamani hadi mpya. Siku chache kabla ya kuhama, punguza muda ambao rekodi zako za DNS (mfumo unaoonyesha jina la tovuti liko kwenye seva ipi) zinaruhusiwa kuhifadhiwa, kwa mfano ufike sekunde 300. Kisha uiache seva ya zamani ikifanya kazi mpaka kumbukumbu zake, yaani faili zinazoandika kila ombi lililoifikia, zionyeshe kwamba hakuna tena anayeibishia hodi. Yanayofuata yanamhusu yule ambaye anwani zake zenyewe zinabadilika, ama kwa sababu amepata kikoa (jina la tovuti) kipya, ama amepanga upya sehemu za tovuti, ama anatoka http kwenda https.

Kazi huanza na orodha, na kwa maoni yangu hapa ndipo uhamisho mwingi hufaulu au huharibika, kabla hata mtu hajaigusa seva. Unahitaji orodha ya kila anwani iliyowahi kutembelewa, si zile tu unazozikumbuka au zilizo kwenye menyu. Ramani ya tovuti, yaani faili inayoziorodhesha kurasa zake, itakupa kurasa ambazo mfumo wako unajua kuwa zipo. Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, itakupa zile zinazoonekana katika utafutaji, lakini kumbuka kwamba inahifadhi takwimu za miezi 16 tu, na kwamba jedwali unalolipakua huishia kwenye safu 1,000, hivyo tovuti kubwa itabidi uipakue sehemu kwa sehemu. Chanzo ninachokithamini kuliko vyote ni kumbukumbu za seva. Humo utakutana na faili za PDF zilizopakiwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, picha ambazo bado zinaletewa wageni na utafutaji wa picha, na anwani za mfumo wa zamani zaidi ambazo tayari zilikuwa zikielekezwa kwingine wala hakuna aliyejua.

Ukishaipata orodha, iweke katika lahajedwali yenye safuwima mbili: anwani ya zamani na anwani mpya. Kila ukurasa upate mrithi wake anayejibu swali lilelile. Kishawishi kikubwa wakati huu ni kuzielekeza kurasa zote zisizo na mrithi kwenye ukurasa wa mwanzo, ili pasiwe na kosa lolote litakaloonekana kwenye ripoti. Njia hiyo haisaidii. Mtu aliyekuja kutafuta jinsi ya kurekebisha printa akatupwa sebuleni ataondoka, na Google nayo kwa kawaida huuchukulia uelekezaji wa namna hiyo kama ukurasa uliokosekana, hata kama seva imejibu kwa adabu. Ukurasa ambao kweli umekufa na hauna wa kuurithi, uache ujibu kwa msimbo 404 (haupatikani) au 410 (umeondolewa). Hakuna aibu katika hilo, wala tovuti nzima haiadhibiwi kwa sababu yake.

Sasa tuje kwenye misimbo, yaani namba ambazo seva hutanguliza katika jibu lake. Uelekezaji wa kudumu ni 301 au 308. Wa muda ni 302 au 307. Tofauti iliyopo kati ya 301 na 308 ni kwamba 308 hukilazimisha kivinjari kulirudia ombi kwa njia ileile, jambo lenye maana kwa fomu zinazotumwa, lakini kwa upande wa utafutaji Google huzichukulia kuwa sawa. Msimbo wa muda huwa ishara kwamba anwani ya zamani ndiyo inayopaswa kubaki katika matokeo, na ndiyo maana haufai kwa uhamisho. Hata hivyo, wakati wa majaribio mimi huanza na 302. Vivinjari huihifadhi 301 katika kache, yaani hifadhi yao ya ndani, pengine kwa muda mrefu sana, na ukikosea, mgeni aliyeshika kosa lako ataendelea kupelekwa pasipostahili hata baada ya wewe kusahihisha. Badilisha kuwa 301 ukishahakikisha kwamba kila mstari unafika unapotakiwa.

Chukua mfano mmoja unaowanasa watu wengi wanaotumia Apache, programu ya seva. Unataka ukurasa wa /huduma uhamie /huduma/zetu, ukaandika hivi:

Redirect 301 /huduma /huduma/zetu

Mstari huo unasomeka vizuri, lakini amri ya Redirect hailingani na anwani hiyo peke yake. Hulingana na kila anwani inayoanza na /huduma pamoja na mkwaju unaofuata, kisha huyabandika yaliyobaki mwishoni mwa anwani mpya. Mgeni akiomba /huduma anapelekwa /huduma/zetu. Anwani hiyo nayo inaanza na /huduma, kwa hiyo anapelekwa /huduma/zetu/zetu, kisha /huduma/zetu/zetu/zetu, mpaka kivinjari kichoke na kutangaza kwamba kimeelekezwa mara nyingi kupita kiasi. Dawa yake ni kuifunga anwani pande zote mbili kwa alama za ^ na $:

RedirectMatch 301 ^/huduma$ /huduma/zetu

Jambo jingine linaloendana na hilo ni mpangilio wa mistari. Apache hufuata mstari wa kwanza unaolingana, kwa hiyo anwani mahususi zitangulie na zile za jumla zifuate. Ikiwa unahamisha kikoa kizima bila kubadilisha kilicho baada yake, kwenye nginx, programu nyingine ya seva, mstari mmoja unatosha, na neno la $request_uri ndilo linalobeba njia pamoja na vigezo vilivyo baada ya alama ya kuuliza:

return 301 https://mpya.example$request_uri;

Ukilisahau neno hilo, wageni wote wa kikoa cha zamani watamwagwa kwenye ukurasa wa mwanzo, nawe utakuwa umerudi palepale tulipokataa kwenda.

Baada ya hapo pima, na upimaji usiishie kwa kufungua kurasa tano katika kivinjari na kuridhika. Programu ya curl hukuonyesha seva inajibu nini hasa, bila kache kuingilia kati. Andika curl -IL ikifuatiwa na anwani ya zamani, na utaona kila hatua na msimbo wake. Unachotafuta ni 301 moja, kisha 200, yaani ukurasa umepatikana. Ukiona 301 inayoongeza https, nyingine inayoondoa www, na ya tatu inayofika kwenye ukurasa wenyewe, umeshika mnyororo. Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, hufuata hadi hatua kumi, lakini kila hatua ni muda unaopotea kwa mgeni na ni mahali pengine pa kukatikia. Irekebishe anwani ya kwanza ielekee moja kwa moja kwenye ya mwisho, na uirekebishe vivyo hivyo mielekezo ya miaka iliyopita uliyoigundua kwenye kumbukumbu. Lahajedwali yako unaweza kuigeuza kuwa faili ya anwani tupu na kuipitisha yote kwenye curl usiku mmoja.

Siku ya kuhama yenyewe, mambo yanayoharibu kazi huwa madogo. Tovuti ya majaribio karibu kila mara huwa imefungwa kwa noindex (lebo inayozuia ukurasa usionekane katika utafutaji) au kwa mstari wa Disallow: / kwenye robots.txt (faili inayoziambia roboti zisifungue nini), na mara nyingi kufuli hilo husafiri pamoja na faili nyingine mpaka kwenye tovuti halisi. Liangalie kwanza. Kisha hakikisha kwamba viungo vya ndani vinataja anwani mpya badala ya kutegemea uelekezaji, kwamba lebo ya rel="canonical" ya kila ukurasa, inayotaja anwani yake rasmi, inataja anwani mpya, na kwamba lebo za lugha, zinazotaja matoleo ya ukurasa katika lugha nyingine, kama unazo, zinafanya vivyo hivyo. Lebo ya canonical inayoendelea kutaja kikoa cha zamani huku kikoa hicho kikielekeza kwenye kipya ni sawa na kumtuma mtu chumba cha pili, naye akifika akute kibao kinachomrudisha cha kwanza. Wala usiifunge tovuti ya zamani kwa robots.txt ukidhani unaisaidia Google isahau haraka, kwa sababu roboti aliyekatazwa kuifungua anwani hataweza kuuona uelekezaji uliopo ndani yake.

Wasilisha ramani mpya ya tovuti. Ikiwa kikoa kimebadilika, tumia pia zana ya kubadilisha anwani iliyomo katika Search Console, ambayo inakutaka uwe umethibitisha umiliki wa vikoa vyote viwili. Zana hiyo si ya wanaohama kutoka http kwenda https, wala si ya wanaopanga upya kurasa ndani ya kikoa kilekile. Baada ya hapo subiri. Tovuti ya ukubwa wa kati huchukua wiki kadhaa kabla kurasa zake nyingi hazijahamia katika faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inayozijua, na katika kipindi hicho nafasi zitapanda na kushuka. Ndiyo sababu nawashauri watu wasibadilishe muundo, maandishi na kikoa kwa wakati mmoja: wageni wakipungua, hutajua ni lipi kati ya hayo matatu lililowafukuza, na utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Kila siku zitazame 404 kwenye kumbukumbu za seva. Anwani inayorudiarudia humo ni ile iliyoikimbia orodha yako, na bado unaweza kuipatia mrithi.

Google inashauri uelekezaji udumishwe kwa muda mrefu iwezekanavyo, usipungue mwaka mmoja. Hapa niliwahi kuumia mwenyewe. Tulikihama kikoa kimoja, kila kitu kikaenda sawa, na baada ya miezi michache wageni waliotoka kwenye viungo vya zamani wakapotea ghafla. Mistari ya uelekezaji ilikuwepo, na seva ilikuwa hai. Kilichokufa kilikuwa cheti cha usalama cha kikoa cha zamani, ambacho tuliacha kukihuisha tukiamini kwamba kikoa hicho hakina tena kazi. Kivinjari kinachofungua anwani ya https hukagua cheti kabla ya kusikiliza jibu lolote, kwa hiyo wageni walikutana na onyo jekundu, na uelekezaji wetu haukupata nafasi ya kusema neno. Tangu siku hiyo, kikoa cha zamani kinabaki kwenye orodha ileile ya kuhuishwa pamoja na kipya: usajili wake, cheti chake na seva yake ndogo. Usajili hasa sithubutu kuuachia, maana kikoa kilichoachwa hununuliwa na yeyote anayekitaka, na viungo vyote vilivyokuwa vikikielekea humwangukia yeye.