Jinsi ya kuvusha seksheni katika eneo la wazi

Askari wa miguu anayefanya mazoezi katika nyika za Monduli, mkoani Arusha, hukutana na nyasi fupi, migunga iliyotawanyika na makorongo, na yampasa kuisoma ardhi hiyo kabla ya kuinua mguu. Kingo za korongo humkinga na macho ya adui pamoja na risasi zake, ilhali kichaka humficha tu bila kuzuia risasi, na tofauti hiyo kila kuruta aishike mapema.

Pale eneo la wazi lisipoepukika, kamanda aigawe seksheni, yaani kikosi chake kidogo cha askari, mafungu mawili: moja lilale tayari kufyatua risasi huku lingine likikimbia hadi kwenye kinga iliyokwisha kuchaguliwa, kisha wapokezane. Mbio ziwe za sekunde 3 hadi 5, ili adui asipate muda wa kulenga, na kila anayelala atambae pembeni kabla ya kuinua kichwa, kwa maana bunduki ya adui itakuwa imeelekezwa pale alipomwona akianguka. Asikimbie yeyote kabla wenzake hawajawa tayari. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Kivuli nacho kina hila zake. Asubuhi kivuli cha mgunga hulala upande wa magharibi, lakini ifikapo saa 6 mchana kimerudi chini ya matawi, na askari asiyehama nacho hubaki juani akiwa anaonekana waziwazi. Wakati wa kiangazi vumbi humfichua vilevile, kwa hiyo atue kwa magoti na viganja, asijitupe.