Paa likivuja, panda darini mchana kwanza
Baada ya mvua ya mawe, fundi alitaka tung'oe mabati yote. Kabla ya kukubali, panda darini saa sita jua likiwaka, zima taa, kisha zungushia chaki kila kitobo kinachopenyeza mwanga. Kanyaga mbao tu! Usitafute juu ya doa pekee, maana maji hufuata mbao kabla ya kudondoka. Kwetu yalikuwa matundu matano, yote kwenye misumari iliyolegea, raba zake zimekauka na kupasuka. Skrubu mpya zenye raba zilitosha. Njia hii haionyeshi uvujaji wa pale mabati yanapolaliana. Na kutu ikishalitoboa bati kama chekeche, libadilishe. Chukua geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati, namba ndogo ndiyo nene), ni nene kuliko 30.